Franga ya Chuma ya Papa Zakaria

Nimewaachia meza moja ya mbao ya mkaratusi, lupe mbili za kukuzia vitu vidogo (kioo cha moja kina ufa), sumaku iliyotolewa kwenye redio iliyokufa, mzani mdogo wa kupimia dawa, mswaki wa meno ambao haujaingia mdomoni mwa mtu, vijiti kumi na saba vya mwanzi, na kopo la mafuta ya ng'ombe. Nimehesabu mara mbili. Furaha, ukikuta vijiti kumi na sita usiniulize mimi, muulize Dieudonné. Ni yeye anayechokonoa meno.

Mliniomba, ninyi niliowafundisha, niandike kidogo juu ya kazi yetu kabla sijasahau. Cheo sitaandika, sababu sikuwa nacho. Mapato sitaandika, sababu mke wangu anajua kusoma. Nitaandika namna franga za chuma, zile sarafu za zamani, zinavyotazamwa, na siku moja ambayo mimi sikutazama. Hayo ya kwanza mngejifunza hata bila mimi. Haya ya pili hakuna mwingine wa kuwaambia, maana waliokuwepo hawawajui ninyi, na mimi nimenyamaza muda mrefu kama mtu aliyemeza mfupa.

Nilianza kazi hii nikiwa muuza maharage. Nilitoka Bihambwe na gunia langu, nikapata nafasi kwenye soko la Masisi, kati ya mama wa jibini na mzee mmoja aliyeitwa Papa Leonari. Papa Leonari alinunua vitu vya zamani: bangili, majembe ya mababu, funguo za nyumba zilizoungua, na zaidi ya yote franga za chuma, akampelekea mfanyabiashara wa Goma, naye akawauzia watu wenye kupenda kufungia vitu kwenye kabati. Alikuwa na jicho moja la kuonea na lingine la heshima. Lile la kuonea lilipoanza kuchoka, aliniita.

"Kijana wa Bihambwe, unajua kuhesabu?"

"Najua, Papa."

Akamwaga franga juu ya meza. "Hesabu."

Nikahesabu. Ishirini.

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Kumi na tisa. Jasho likanitoka. Nikatazama chini ya meza, nikatazama ndani ya viatu vyangu. Papa Leonari akacheka mpaka mama wa jibini akauliza kuna nini. Kisha akakunjua mkono wa koti: kulikuwa na sumaku, na franga moja imeganda pale kama kupe.

"Mara ya kwanza unahesabu bintu," akaniambia. "Mara ya pili unahesabu muntu mwenye kukupa."

Nililishika neno hilo kama amri. Tangu siku ile nahesabu kila kitu mara mbili, hata baraka za padri. Subirini tu, mtaona lilivyonisaidia.

Franga zenyewe ninyi mnazijua, lakini niandike kwa atakayekuja baada yenu. Kwa maneno ya Papa Leonari, mkoloni mmoja mwenye shamba la ng'ombe juu ya vilima vyetu alileta magunia ya franga ndogo kutoka kwao Ulaya. Zilipigwa wakati wa vita kubwa, shaba yote ilipokwenda kwenye risasi, basi wakatumia chuma kilichopakwa zinki. Huku kwetu hazikuwa pesa. Yeye aliwalipa nazo wafanyakazi, wakanunulie chumvi na sabuni kwenye kantini yake, hapo tu. Kantini ilipofungwa zikabaki mikononi mwa watu. Wengine walifanya vifungo, wengine wakawapa watoto wachezee. Watu wa misitu ya Walikale walizifanyia kazi nyingine, nitafika hapo.

Anzeni na ukingo, siyo uso. Uso wa franga ni kama uso wa muuzaji, umeoshwa kwa ajili yenu. Franga iliyopigwa ina ukingo mkali, na herufi zake zimesimama wima. Ile iliyomiminwa na fundi wa mtaani ina herufi zilizovimba kama mtu aliyetoka usingizini, na mstari mwembamba unaizunguka pale vipande viwili vya udongo vilipokutana. Halafu uzito. Ya kweli ni nyepesi, kama maharage makubwa matano. Ndiyo, nilipima kwa maharage, nilikuwa nayo mengi. Halafu sumaku. Kuna zile za zinki za miaka ileile, hazishiki. Za chuma zinashika. Halafu kutu. Kutu ya kweli inakula kuingia ndani na kuacha vishimo. Kutu ya uongo inakaa juu kama unga, na ukiilamba ina chumvi ya mkojo. Nimelamba. Hii si kazi ya watu wa kinyaa.

Na msisugue. Limau, mchanga na majivu ni maadui. Pakeni mafuta ya ng'ombe, mwache siku tatu, kisha mfuate uchafu taratibu kwa kijiti cha mwanzi. Papa Leonari alisema kuna watu waliosafisha franga mpaka ikawa safi kabisa: hakuna herufi, hakuna namba, hakuna mnunuzi.

Sasa alama. Huko misitu ya Walikale, zamani mwanamke hakuolewa bila jembe la chuma. Mbuzi wanaliwa, pombe inanywewa, jembe linabaki kushuhudia. Majembe yalipokuwa adimu walikubali franga ya chuma kama jembe dogo. Siku ya kukabidhiana, baba wa binti alichukua tindo, kile chuma cha kukatia chuma, akapiga pengo dogo ukingoni. Baba wa kijana naye akapiga lake. Alama mbili. Kuanzia hapo franga ile haikuwa tena ya biashara. Mama aliitunza, na siku watoto wake wakiulizwa ninyi ni wa ukoo gani, aliitoa. Isipokuwepo, watoto ni wa wajomba wao, na ardhi ya baba hawana.

"Ukikuta alama mbili, usinunue," Papa Leonari alinifundisha. "Muntu mwenye kuuza chuma ya ndoa ameisha kuuzisha mama yake. Ukikuta alama moja, ile ni maneno ya muntu mumoja tu. Haina kintu."

Yeye alikufa kwa amani, akaniachia meza. Watu wakaanza kuniita Papa Lupe. Nilifanya makosa ya kawaida kwanza. Mwaka wangu wa pili peke yangu, fundi mmoja wa mjini aliniuzia franga saba nyeusi, "za msituni kabisa, Papa, tazama moshi." Nilizihesabu mara mbili. Zilikuwa saba mara zote mbili. Lakini alikuwa amezipika kwa mawese na masizi kwenye sufuria ya mke wake. Mfanyabiashara wa Goma alizirudisha zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya chooni. Tangu hapo kila chuma cheusi kilinitia hasira kabla sijakishika. Andikeni hilo mahali: hasira ya jana ni lupe yenye ufa.

Nimezunguka vya kutosha. Nifike Buleusa, huko misitu ya Walikale.

Katekista mmoja alinitumia barua kwamba familia moja ya kule ina ugomvi wa shamba, na pande zote mbili zimekubali kuniita niitazame franga moja. Nilijisikia mkubwa. Siku mbili juu ya moto, yaani pikipiki, matope mpaka kwenye mikanda ya suruali, dereva ananiambia kila kilima ni cha mwisho. Na nitasema ukweli wote: sisi watu wa Masisi, wenye ng'ombe na jibini, tunawatazama watu wa misitu kama wanafunzi wa darasa la chini. Nilikwenda nikiwa na kichwa hicho.

Wa kwanza kunipokea alikuwa Papa Fideli, mkubwa wa ule ukoo. Mke wake alinipikia kuku mzima na ndizi. Nilikula. Ndipo akanieleza. Baba yake alioa wanawake wawili. Mtoto wa yule wa pili, Zakaria, analima upande wa juu wa kilima cha baba yao. Lakini wazee wanasema mama yake Zakaria hakuwahi kutolewa chuma. Kama ni hivyo, Zakaria ni wa wajomba zake ng'ambo ya mto, na shamba lirudi.

"Mimi simuchukie," Fideli akasema. "Nataka tu kujua. Wewe sema, tutafuata."

Kuku yule alikuwa mnono, na mimi sikujiuliza kwa nini upande wa pili haukunipikia. Baadaye nilijua. Hawakuwa na kuku.

Watu walikusanyika uwanjani, mbele ya kanisa la mabanzi. Kiti kilikuwa kimoja, na kililetwa kwa ajili yangu. Papa Zakaria, ambaye alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, alisimama, mguu mmoja umevimba, ameegemea fimbo. Karibu naye alikuwa binti yake, Mama Riziki, mwenye mtoto mgongoni. Nilikaa kwenye kiti. Sikumpa. Kumpa kiti hakukuhitaji ufundi wowote.

Akafungua kitambaa, akanipa franga. Nyeusi tititi. Nyeusi, na inateleza kwa mawese.

"Mama aliiweka juu ya moto, mu kitunga," akasema. "Kule kwetu chuma inakulwaka na mvua. Moshi njo inaichunga. Kila mwezi alikuwa anaipaka mawese. Na mimi nikafuata."

Wakati anasema hayo mimi nilikuwa natazama mawingu. Dereva wa moto alikuwa amesimama pembeni akiniambia kwa macho kwamba mvua ikishuka tutalala njiani. Nikatoa lupe. Ukingo: pengo moja, karibu na tarehe, limekata mguu wa namba ya mwisho. Nikaizungusha. Upande wa pili wa ukingo ulikuwa na masizi yaliyoganda kama lami. Sikupaka mafuta. Sikungoja siku tatu, wala saa tatu. Kijiti cha mwanzi kilikuwa mfukoni mwa shati langu, nilikisikia kinanichoma kifuani. Sikukitoa.

Nikahesabu: moja.

Wala sikukosa tu. Niliona uwanja umejaa, wananitazama, na kinywa changu kikatamani kazi. Nikanyanyua ile franga juu, nikasema:

"Papa, hii chuma mama yako hakuiachia wewe. Hii, wewe njo ungeiachia mama yako. Iko mutoto kabisa, hata haijaota meno ya pili!"

Watu wakacheka. Katekista alicheka. Hata dereva alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha tumbo, na kwa muda kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Walikale.

Papa Zakaria hakucheka, wala hakukasirika. Alisogea na fimbo yake, akainama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Papa," akasema polepole, "tazama tena."

"Mimi sitazamake mara mbili kintu ya uongo."

Hayo ni maneno yangu, sijayapunguza. Mimi ninayehesabu vijiti vya mwanzi mara mbili.

Akanyoosha mkono, nikamrudishia. Mama Riziki akaikunja ndani ya kitambaa taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Nikaandika kwenye daftari langu: *Buleusa. Moja. Alama moja penye tarehe. Ya kupikwa.* Nikapanda moto. Mvua haikunyesha.

Miaka ilipita, nami nikapata jina kwa sababu ya kesi hiyo. Watu walisema, Papa Lupe haogopi. Nilisikia kwamba Zakaria alivuka mto kwenda kwa wajomba na watu wake wote, na kwamba baada ya mavuno mawili alikufa huko, akazikwa huko. Nilisema "pole" kwa yule aliyeniletea habari, nikarudi kwenye mzani.

Hapa unaingia wewe, Furaha. Unakumbuka asubuhi ile ulipotoka sokoni na kopo la maziwa limejaa takataka za mchuuzi wa Walikale? Vifungo, ufunguo, franga tatu za zinki na moja nyeusi. Ulivipata vyote kwa bei ya jibini moja, na nilikusifu. Ulisema ile nyeusi mchuuzi aliipata kwa mama mmoja wa ng'ambo ya mto, ambaye alimwambia, "Beba na hii, haina kazi tena."

Niliitupa ile nyeusi pembeni. "Ya kupikwa hiyo."

"Papa, umeiangalia?"

"Nimeinusa."

Uliipaka mafuta ya ng'ombe, ukaiacha siku tatu, kama nilivyokufundisha na kama mimi mwenyewe nilivyosahau. Siku ya nne ulikaa na kijiti, ulimi nje, unakwaruza polepole. Nilikuwa nabishana na mama wa jibini juu ya kivuli cha mwavuli wake.

"Papa," ukaniita. "Njo unasemaka tusinunue ya alama mbili?"

"Njo vile."

"Basi hii turudishe. Iko na mbili."

Nilichukua lupe. Ya kwanza ilikuwa penye tarehe, imekata mguu wa namba ya mwisho. Ya pili ilikuwa upande wa kuelekeana nayo, dhahiri, ya tindo ileile, mdomo wake bado una masizi ya miaka mingi, na chini yake chuma cheupe. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikafungua daftari la zamani, ingawa sikuhitaji.

Wewe ulidhani nimekasirika kwa sababu umenishinda. Ulimwambia Dieudonné, "Mzee ananuna, nimemuonesha kazi." Hapana, mwanangu. Nilikuwa nasikia kile kicheko cha uwanjani. Kilikuwa kimekaa ndani ya ile franga miaka yote, kikanitokea usoni kama moshi.

Mngependa kusikia kwamba kesho yake nilipanda moto. Niliiweka kwenye kopo la tumbaku, nikaifunga. Nilijiambia njia mbaya, na kweli ilikuwa mbaya. Nilijiambia kuna watu wenye bunduki njiani, na walikuwepo. Nilijiambia mgongo. Sababu zangu zote zilikuwa za kweli, ukingo mkali, uzito sawasawa, zinashika sumaku. Lakini mwezi uleule nilikwenda Goma mara mbili kwa njia mbaya zaidi, kuuza bangili. Maharage yalivunwa mara mbili nikiwa na kopo lile chini ya kitanda. Nilichoogopa ni kwamba watu watasema, kama alikosa ile, alikosa ngapi? Ni swali zuri.

Mwezi uliopita, nilipowaambia nakwenda kumwona mkwe, nilikwenda Buleusa. Nilivuka mto kwanza. Mama Riziki alikuwa anaanika mihogo. Yule mtoto wa mgongoni sasa anamzidi mama yake urefu. Aliponiona alinitambua mara moja, akaendelea na mihogo.

"Papa ya lupe," akasema. "Huku hakuna kuku."

Nikafungua kopo la tumbaku, nikamwonesha franga, nikamwambia. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Yalitoka manne au matano. Aliitazama franga bila kuishika.

"Niliuzisha mimi mwenyewe," akasema. "Baba aliisha kufa. Kila nikiona ile kitunga juu ya moto, nasikia batu banacheka." Kisha akaniuliza, "Alama ngapi?"

"Mbili."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena, kidole juu ya kila moja. "Mbili, mama."

"Baba alikuambia tazama tena."

"Aliniambia."

"Sitaipokea hapa," akasema. "Hapa hakuna mwenye alicheka. Twende."

Tukavuka mto pamoja, yeye mbele, mwenye haraka, na mimi nyuma na mgongo wangu. Buleusa wakapiga kengele ya kanisa, watu wakaja. Wengi wa siku ile hawakuwepo tena. Wamekufa au wamekimbia vita. Fideli alikuwepo, amezeeka, meno matatu mbele.

"Papa Lupe! Umekuya kukula kuku ingine?"

Uwanja ukacheka, na safari hii kicheko kilikuwa changu. Walileta kiti. Nikasema nitasimama. Mama Riziki naye hakukaa. Kiti kikabaki wazi katikati yetu, hakuna aliyekigusa.

Nikanyanyua franga juu, mahali palepale, nikasema: "Hii chuma iko ya kweli. Iko na alama mbili. Mama ya Zakaria aliolewa. Mimi sikutazama. Nilikula, nikaogopa mvua, nikachekesha batu. Zakaria alisema kweli, na mimi nilimufanya muongo mbele yenu."

Fideli akanyoosha mkono. Aliigeuza franga, akaisogeza karibu na macho, akapitisha ukucha kwenye pengo la kwanza, kisha la pili. Aliirudia mpaka watoto wakaanza kusukumana.

"Ile ya pili," akasema mwishoni, "iko kama baba alikuwaka anapiga. Ya kulala kidogo. Hata mu miti alikuwa anakata vile." Akanitazama. "Mimi niliamini mudomo yako. Nikafukuza ndugu yangu juu ya mudomo yako. Sasa nitalaumu nani?"

"Laumu mimi."

"Wewe unarudi Masisi. Mimi njo nabaki na kilima."

Baadaye wazee walijitenga. Waliporudi, Fideli akasema upande wa juu wa kilima, mihogo iliyomo ikishavunwa, ni wa watoto wa Zakaria. Mifupa ya Zakaria haitahamishwa, si desturi, lakini Mama Riziki alete udongo wa kaburi lake, uwekwe pale alipolala baba wa Zakaria na Fideli. Aliposikia hivyo Mama Riziki alikaa chini kwenye nyasi, siyo kwenye kiti, akafunika uso kwa kitenge. Mwanawe alisimama nyuma yake akitazama kile kilima kama mtu anayepima.

Nilidhani yamekwisha. Nikamnyooshea franga. Akainuka, akafuta uso, akasema hapana, bado.

"Wenye kushuhudia banapigaka alama. Njo sheria. Babu alipiga, na baba ya mama ya baba alipiga. Na wewe ulisema mbele ya batu. Piga yako."

Fideli mwenyewe alileta tindo na nyundo. Nimeshika chuma maisha yangu yote na sijawahi kukikata. Nilikuwa nimewafundisha watu kwamba kuharibu ukingo ni dhambi. Niliweka franga juu ya jiwe. Pigo la kwanza likaenda kwenye jiwe, watu wakacheka tena, kidogo. La pili likaingia. Mama Riziki akaichukua, akapuliza vumbi, akahesabu kwa kidole, midomo yake inacheza: moja, mbili, tatu. Kisha akahesabu tena. Akaifunga kwenye kitambaa.

Hii ndiyo sababu nimewaandikia. Kwa mafundisho ya Papa Leonari na yangu, franga ya alama tatu haipo. Mtu yeyote mwenye lupe atasema imeharibiwa, au fundi wa uongo hakujua kuhesabu. Mimi nitakufa, Mama Riziki atakufa, na siku moja mjukuu wa Zakaria anaweza kusimama mbele ya meza yenu, au ya mtu mliyemfundisha, anabishaniwa kilima kilekile, ana franga nyeusi mkononi inayonuka moshi na mawese.

Ni ya kweli. Ya kwanza ni ya baba wa binti, penye tarehe. Ya pili imelala kidogo, ni ya baba wa kijana. Ya tatu, ile mbaya iliyopinda, ni yangu.

Mpeni kiti kwanza. Kisha ndiyo mtoe lupe.